Panya Hawakunywa Pombe

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ametoka kwenye chumba cha altrasaundi jana au juzi, amekaa kwenye benchi na majibu mkononi, na neno analolisikia kichwani ni "ini" tu. Mimi si daktari, na kazi ya ini sitakueleza. Nitakueleza yaliyonipata mimi na watu waliokuwa karibu yangu, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kufika midomoni mwa watu kabla mwenyewe hujauelewa.

Naitwa Mwanaidi. Nimezaliwa Kondoa na nimeolewa huko huko. Kazi ndiyo iliyotuleta Dodoma, serikali ilipohamishia ofisi Mtumba. Niko masjala, mahali pa mafaili. Mume wangu Salimu ananunua mafuta ya alizeti kwa wakamuaji na kuyauza mjini kwa gari lake dogo la mizigo. Tuna binti mmoja, Latifa, yuko sekondari. Nyumbani kwetu pombe haijawahi kuingia, wala kwa baba yangu, wala kwa babu yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonisumbua kuliko hata maumivu.

Ilianza na uchovu, miezi ile ya baridi na upepo, vumbi la Mtumba linapoingia mpaka kwenye droo za meza. Nilikuwa nafika ofisini nimechoka kama mtu aliyetoka kulima. Chini ya mbavu za kulia kulikuwa na uzito, si maumivu hasa, ni kama nimebeba jiwe ndani ya ngozi. Shingo yangu kwa nyuma ikaanza kuwa nyeusi. Niliisugua kwa dodoki mpaka ikachubuka, nikidhani ni uchafu. Kitambi nacho kilikuja, na wenzangu ofisini wakakifurahia. "Umependeza, mama Latifa, Mtumba imekukubali." Nami nilikubali kwamba imenikubali. Asubuhi maandazi na chai ya maziwa, mchana chipsi kuku na soda baridi, jioni nafika nyumbani sina nguvu ya kuinua hata mwiko.

Nilipoenda hospitali walipima sukari, wakapima damu, wakanipeleka altrasaundi. Kijana aliyekuwa kwenye mashine alinipaka yale mafuta ya baridi tumboni, akasogeza kifaa, akauliza bila kunitazama:

"Mama, unatumia kilevi?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Siku za sherehe?"

"Mimi ni Mwislamu, mwanangu."

"Wapo Waislamu wanaotumia," akasema, akaendelea kuandika.

Daktari naye aliuliza. Nesi aliyenipima uzito akauliza tena, kwa sauti ambayo wote waliokuwa kwenye foleni waliisikia. Sikatai, ni kazi yao kuuliza. Lakini jibu lile lile nililompa wa kwanza halikumtosha wa tatu, na nilitoka pale nikihisi nimehojiwa kituo cha polisi. Daktari alisema ini langu limejaa mafuta, kwamba hayo huja hata kwa wasiokunywa, nipunguze uzito, niache soda, nirudi baada ya miezi michache. Hakuniandikia dawa yoyote. Mtu akikuambia unaumwa halafu asikupe dawa, unafikiri nini? Mimi nilifikiri kuna jambo wananificha. Nikaenda kituo kingine kupima upya. Majibu yakawa yale yale, na swali likawa lile lile.

Salimu nilimwambia jioni hiyo hiyo. Alinisikiliza vizuri, akanipa pole. Wiki iliyofuata alikwenda Kondoa kwa shughuli zake, akalala kwa kaka yake, shemeji yangu Juma, ambaye ni mkubwa wa familia na mjumbe wa kamati ya msikiti. Salimu aliporudi alikuwa mtu mwingine. Hakusema kitu. Ila akaanza kuja kunichukua kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nikiingia kwenye gari alinisogelea kama anayetaka kuninong'oneza, halafu hanong'onezi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananusa pumzi yangu.

Siku moja nilimkuta jikoni ameshika chupa ya konyagi. Nilikuwa nimeinunua barabara ya Singida, ina asali ndani, kwa ajili ya kikohozi cha Latifa. Kila mtu wa Dodoma anajua kwamba asali ya barabarani huuzwa kwenye chupa za pombe. Salimu mwenyewe ameshanunua asali ya namna hiyo miaka nenda miaka rudi. Lakini alikuwa amefungua kizibo, anainusa.

"Ni asali, baba Latifa."

"Naona."

"Sasa unanusa nini?"

Akachovya kidole, akalamba, akafunga kizibo. "Hakuna," akasema. "Nilidhani imechacha."

Asali safi haichachi. Analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Nilisimama pale jikoni, nikaelewa kwamba mwanamume niliyezaa naye ananihesabu kuwa mlevi wa kujificha. Ningetaka kukuambia kwamba nilimkabili siku ile ile. Sikumkabili. Nyumba ikawa na harufu ya watu wanaochungana.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Salimu aliniletea mfuko wa nailoni wenye unga wa kahawia. Shemeji Juma ameutuma, akasema, ni dawa ya ini, mizizi ya porini, imewasaidia wengi huko. Kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Ulikuwa mchungu wa kukunja uso. Lakini nilikuwa nimepewa ugonjwa bila dawa, na hapa nimepata dawa kutoka kwa watu wangu. Nikaunywa. Salimu alikuwa anakaa mezani mpaka nimalize bakuli, na nilidhani ni mapenzi.

Baada ya majuma kadhaa mkojo wangu ukawa kama chai ya rangi. Mwili ukaanza kuwasha, kuwasha kusikokuwa na upele, kunakotoka ndani. Latifa ndiye aliyeniangalia nikiwa nimekaa uwanjani kwenye jua la asubuhi, akasema, "Mama, macho yako yana nini? Ya njano kama embe." Siku hiyo hiyo nililazwa.

Wodini kitanda cha jirani alikuwapo bibi mmoja Mgogo kutoka upande wa Mpwapwa, anaumwa miguu, Kiswahili chake ni cha kuvutavuta. Aliniona najikuna mpaka damu inatoka. Akamtuma mjukuu wake alete gunzi la mahindi lililokauka, akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, mwanangu, geuka." Akanikuna mgongo kwa lile gunzi, taratibu, juu mpaka chini, kama mtu anayesugua sufuria asiyotaka kuiharibu. Hakuniuliza naumwa nini. Nimepewa dawa nyingi tangu hapo, lakini ile bado naikumbuka ngozini.

Daktari alikuja mchana, Salimu akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alisoma majibu ya damu, akakunja uso.

"Mama, hapa katikati umetumia dawa yoyote ya kienyeji?"

Nikamwambia ndiyo, dawa ya ini, ilitoka kwa shemeji.

"Ni mizizi gani?"

"Mimi sijui. Baba Latifa anajua."

Daktari akamgeukia Salimu. Salimu akatazama dirishani. "Kaka ndiye aliyeitafuta," akasema.

"Ni dawa ya nini hasa, mzee? Nahitaji kujua, si kwa ubaya."

"Ni ya kusaidia mtu kuacha."

"Kuacha nini?"

Akajibu kwa sauti ndogo sana, lakini wodi haina mlango kati ya kitanda na kitanda. "Pombe."

Bibi wa kitanda cha jirani akaacha kutafuna. Daktari alinitazama, akamtazama Salimu, akasema tu kwamba unga huo usiguswe tena na aletewe uliobaki. Alipoondoka niligeukia ukutani. Salimu aliniita mara nyingi, mama Latifa, mama Latifa. Sikugeuka. Nilikuwa nawaza zile asubuhi zote, yeye mezani ananitazama ninavyomeza. Hakuwa anamwangalia mgonjwa akila. Alikuwa anasubiri mlevi apone.

Kuanzia hapo sikumwamini mtu. Naandika hili wazi kwa sababu wewe unayesoma huenda uko hapo hapo, na utaambiwa kwamba una roho mbaya. Huna. Mwili wako umetendewa jambo kwa siri na mtu wa karibu, na sasa kila anayekuja na kikombe unamwangalia mkono. Nilikataa uji wa hospitali mpaka Latifa aliponiletea wa kwake. Nesi akija na kidonge namuuliza jina lake na kazi yake, akinijibu haraka namuuliza tena.

Ndipo daktari akasema inabidi wachukue kipande kidogo cha ini kwa sindano, wakakitazame. Wanataka kujua kiasi gani cha madhara ni cha mafuta na kiasi gani ni cha ule unga, maana matibabu yatategemea hapo. Niliomba siku za kufikiri. Na kabla sijamaliza kufikiri akaja msichana mmoja amevaa koti jeupe, mrefu, mwembamba, ana nywele fupi.

"Shikamoo, mama. Naitwa Nyemo. Nasoma shahada ya uzamivu hapa chuoni. Naomba dakika zako chache, na ukisema hapana sitarudi kukusumbua."

Bibi wa kitanda cha jirani alimsikia lafudhi, akamsalimu kwa Kigogo, wakaongea. Kumbe msichana kwao Gulwe, baba yake ni mfugaji. Mimi nikawatazama wote wawili nikiwaza kama wamepanga.

Nyemo alisema anafuga panya maabara, panya wenye mafuta kwenye ini. Anataka kujua ini likianza kujaa mafuta ni jeni zipi zinaamka na zipi zinalala. Kwa panya ameanza kuona, lakini hajui kama kwa binadamu ni hizo hizo. Kwa hiyo anaomba, daktari akichukua kile kipande, punje ndogo yake apewe yeye. Sitachomwa mara mbili.

Mimi nimekulia kwenye hadithi za mumiani. Tulipokuwa watoto, gari geni likipita kijijini tulikimbilia ndani, tukiambiwa wamekuja kuchukua damu. Nimesoma, nimefanya kazi serikalini, lakini siku ile kila nilichoambiwa utotoni kiliamka. Nikajisemea, kumbe ndiyo maana wanataka kunichoma. Ini langu lina mnunuzi.

Salimu aliposikia alisimama kabisa. "Haiwezekani. Wanaanza na panya, wakimaliza wanakuja kwa mke wangu? Huyu si mnyama wa kujifunzia."

Nilimtazama. "Baba Latifa, wewe ndiye wa kusema hivyo?"

Akakaa.

Nilimwambia Nyemo, nikijua kwamba hatarudi: "Nionyeshe kwanza hao panya. Nikiwaona nitakujibu."

"Nitaomba ruhusa," akasema, na akaenda zake.

Niliruhusiwa kutoka wodini macho yangu yalipoanza kurudia rangi yake, nikiwa bado sijakubali sindano. Na alirudi, yule msichana. Alipiga simu kwa Latifa, maana mimi nilikuwa nimekataa kutoa namba yangu. Tukaenda siku ya kazi mchana, mimi na Salimu, kwa gari lake la mafuta.

Panya wenyewe wako kwenye jengo la chini, nyuma, lina harufu ya maranda ya seremala na mkojo. Tulivalishwa makoti na barakoa, tukasimama kwenye dirisha la kioo. Nilitegemea kitu cha kutisha. Nilikuta vijisanduku vya plastiki vimepangwa kwenye rafu, kila kimoja na chupa ya maji na panya weupe wanaojisafisha masharubu. Upande mmoja walikuwa wadogo, wepesi, wanapanda na kushuka. Upande wa pili walikuwa wanene, wamekaa. Mmoja alikuwa ameegemea pembeni, tumbo limemwagika mbele yake, anatazama. Nilijijua pale. Ndivyo nilivyokuwa nakaa masjala saa za mchana.

Nyemo akatuonyesha picha za maini, mawili mawili. La panya mwepesi lilikuwa jekundu lililoiva, linang'aa. La panya mnene lilikuwa limepauka, limevimba, rangi ya siagi. Salimu aliikodolea macho ile picha muda mrefu.

"Hawa," akasema, "mmewapa pombe kiasi gani?"

"Hatujawapa pombe, baba."

"Nauliza hawa wanene."

"Ndiyo, hao hao. Hawajaonja hata tone. Wamekula chakula chenye mafuta mengi na maji yenye sukari. Basi."

"Na ini likawa hivi?"

"Likawa hivyo. Wengine wanaanza kupata makovu, kama ya mlevi wa miaka mingi. Ukinipa hizo picha bila maelezo, kwa macho tu ningeweza kukosea nani alikunywa na nani alikula."

Salimu alivua kofia yake, akaivaa tena. Nami sikumtazama. Nikamuuliza Nyemo swali langu.

"Ukishajua jeni zipi zimeamka, utanipa dawa?"

"Hapana, mama. Kwenye utafiti huu wewe hutapata kitu. Labda mtu mwingine, baadaye sana. Na labda hata huyo asipate, maana yaliyo kwa panya mara nyingi hayawi kwa binadamu."

"Na hawa panya mwisho wao nini?"

"Tunawaua, mama. Bila maumivu. Ini haliwezi kuangaliwa likiwa ndani yao."

"Wote? Hata wale wazima?"

"Wote."

Angeweza kunidanganya. Angeweza kusema wanastaafu, wanapelekwa shambani. Nilikuwa nimeuchunguza uso wake tangu tulipoingia, nikitafuta mahali anapopindisha, na hapo ndipo ingekuwa rahisi kupindisha. Tangu niugue, hilo lilikuwa jibu la kwanza ambalo halikujaribu kunituliza. Nikamwambia atachukua punje yake, kwa sharti kwamba daktari aseme mbele yangu kwamba sindano ni moja. Daktari alisema.

Tulipofika kwenye gari Salimu hakuwasha. Aliweka mikono kwenye usukani.

"Mama Latifa, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Unalijua."

"Nataka ulitaje."

"Nilidhani unakunywa. Sasa nimeona kwa macho yangu kwamba..."

"Umeona panya," nikamwambia. "Mimi nilikuambia kwa mdomo wangu, nimekaa na wewe ndoa nzima, tunakula sahani moja, hukuniamini. Panya hajakuambia neno, ukamwamini. Hata kofia umemvulia."

Akawasha gari. Mvua ikaanza njiani, ile ya kwanza yenye harufu ya udongo, na nililia nikijifanya natazama nje.

Kuhusu sindano nitakuambia yale tu ambayo mimi ningependa kuambiwa. Wanakuganzisha ngozi, wanakuambia uvute pumzi uishike, unasikia msukumo mmoja kama mtu amekupiga kiwiko, basi. Maumivu ya baadaye yanakuja begani, bega la kulia, wala usishangae kwamba ubavu ndio uliochomwa na bega ndilo linalolia. Unalazwa kwa ubavu huo huo kwa saa kadhaa. Nenda na mtu anayejua kunyamaza. Mimi nilikwenda na Latifa, akanisomea kazi yake ya jiografia mpaka nikasinzia.

Majibu yalisema yote mawili yalikuwapo. Mafuta, na makovu yanayoanza. Juu yake madhara ya unga, ambayo yangeisha yenyewe nisipourudia. Daktari alisema ini ni kiungo chenye uvumilivu, ukiliacha lipumzike linaweza kurudi nyuma hatua nyingi. Kwa hiyo dawa yangu ikawa miguu. Mvua zote za masika nilitembea asubuhi kabla ya kazi, kwenye tope jekundu linaloganda kwenye viatu. Nilirudi kwenye chakula cha mama yangu, mlenda na ugali mdogo wa mtama, maharage, samaki mara moja moja. Soda niliiacha kwa shida kuliko nilivyodhani. Wiki za mwanzo kichwa kiliuma, nikawa mkali kwa kila mtu, na mfanyakazi mwenzangu mmoja akaniambia kwa utani, "Mama, rudia tu Fanta, tutapona sote."

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Nilipika uji wangu mwenyewe, na sufuria sikuiacha jikoni peke yake. Nikienda kuoga naenda na chupa yangu ya maji. Salimu aliyaona yote haya na hakuwahi kulalamika. Ila alianza jambo moja. Akipika chai, anakuja na birika na vikombe viwili vitupu, anamimina vyote mbele yangu, ananiambia nichague kimoja, na kile nilichokiacha anakunywa yeye kwanza. Hakulieleza kamwe. Kila jioni hivyo, mwezi kwa mwezi, kama sehemu ya ibada. Wakati mwingine nilimwonea huruma. Wakati mwingine nilichagua kikombe kisha nikabadilisha, nimwone usoni.

Zabibu zilipovunwa nilikuwa nimepungua, shingo imeanza kurudia rangi yake. Altrasaundi ilionyesha mafuta yamepungua, yamebaki lakini yamepungua. Kijana wa mashine alikuwa yule yule. Hakunikumbuka, akaniuliza swali lake. Nikamjibu hapana. Nyemo nakutana naye mara moja moja ninaporudi kliniki. Bado anatafuta. Ananiambia jeni nyingine zinafanana na za panya na nyingine hazifanani kabisa, na hajui bado maana yake. Namuuliza kila mara, kwa makusudi, kuona kama siku moja atajisifu. Hajajisifu.

Siku ya Idi tulikwenda Kondoa. Nilikuwa sitaki, lakini mama yangu ni mzee. Baada ya swala ukoo wote ulikusanyika kwa shemeji Juma. Wanaume walikaa barazani, sisi wanawake tukawa uani tunapakua pilau, kati yetu ukuta mfupi tu. Shemeji Juma ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea bila kipaza sauti.

"Salimu, ile dawa niliyokutumia ilifanya kazi? Naona shemeji amepungua, amependeza. Ameacha?"

Vijiko vilisimama mikononi mwa wanawake. Wifi yangu akainamisha uso. Nikajua kwamba wote walikuwa wanajua, tangu mwanzo, wote.

"Kaka," Salimu akasema, "hakuwa na cha kuacha."

"Ini haliharibiki bure, ndugu yangu."

Nikasubiri. Nilijua kinachofuata. Kwa miezi mingi nilikuwa nimemsikia akiwasimulia wateja wake na majirani habari za dirisha la kioo, na panya wasiojua pombe, na picha za maini. Alikuwa ameifanya hadithi nzuri, na kila aliposimulia mimi nilizidi kufa ganzi, kwa sababu ndani yake nilikuwa nahitaji panya wanitetee. Nikajiandaa kuwasikia tena, mbele ya ukoo mzima.

Hakuwataja.

"Aliniambia hanywi," akasema. "Mke wangu aliniambia kwa mdomo wake, na mimi sikumwamini. Nikachukua maneno yako, nikamnywesha kwa siri kitu kilichotaka kumuua. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na dawa yako, kaka. Aliniambia, na hilo lingetosha."

Shemeji Juma alianza kusema jambo la ukoo na heshima, sauti ikamwishia katikati. Mtu akakohoa. Uani wifi yangu alinishika kiwiko, akasema, "Mama Latifa, nipe hilo beseni, wewe kaa." Nikakaa.

Tuliondoka jioni jua lingali juu, Latifa amesinzia ameegemea mlango. Tulipovuka mji na nyumba kuanza kuachana, nikamwambia Salimu asimamishe gari. Akaegesha pembeni ya barabara, mashamba ya alizeti huku na huku.

"Unaumwa?"

"Hapana. Yale uliyomwambia kaka yako, niambie mimi."

"Si uliyasikia."

"Nilisikia unamwambia yeye."

Akazima injini. Akageuka, akanitazama, akaanza upya, polepole, tangu siku aliyolala kwa kaka yake, pumzi yangu aliyoinusa, asali, unga, asubuhi alizokaa mezani. Hakuruka kitu. Nilimsikiliza kama mnunuzi wa chungu sokoni, anayekigonga kwa kidole huku na huku, sikio likiwa karibu, akitafuta ufa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza niliendelea kusikiliza.

Kisha nikamwambia, "Haya, washa gari."